Huruma ya Picha Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga kelele ofisini leo mpaka Mchoraji akadondosha kalamu. Tumepewa kazi ya kuitengeneza upya Tarishi wa Mapaa! Gemu ileile! Yule jamaa wa kofia nyekundu, mkoba wa barua begani, anaruka paa hadi paa — ukikosea anaanguka, unaanza upya. Nusu ya watu wa rika langu wamekua nayo. Na sisi hapa tuko watatu tu: bosi, Mchoraji, na mimi ninayeandika programu.

Tatizo moja. Programu ya zamani haipo, walioiandika hawakuitunza. Zimebaki kaseti zenyewe. Kwa hiyo tunajenga kila kitu upya kwa kutazama, kama fundi anayeletewa gauni kuukuu na kuambiwa, nishonee kama hili.

Fundi! Nikampigia Kaka palepale. Kelele za cherehani zikakoma. Akasema, Wa Pili, usinitanie. Nikamwambia simtanii. Akacheka mpaka akakohoa.

Wa Pili ni mimi. Utotoni yeye alikuwa mchezaji wa kwanza, siku zote, na mimi nilipewa padi ya pili, kile kidude cha vitufe. Nilibonyeza kwa moyo wangu wote. Tulipovuka paa nilijisifu mtaa mzima. Nilikuja kugundua nikiwa na miaka tisa kwamba padi yangu haikuwa imechomekwa kwenye mashine. Nililia siku mbili. Yeye hadi leo anasema alifanya kwa mapenzi, maana nilikuwa namwangusha Tarishi kila tulipoanza. Najua alifanya kwa mapenzi. Nililia vilevile.

Jumatano, 5 Machi

Kaka amekuja ofisini, shati limepigwa pasi kama anaenda kuposa. Bosi amempa cheo hapohapo: Hakimu. Kila nitakachojenga atakicheza yeye, aseme kama ndicho au sicho.

Akawaeleza kuhusu huruma. Kumbe hawakuwahi kuisikia! Tarishi akishapita ukingo wa paa, mguu uko hewani kabisa, gemu bado inakupa nafasi ndogo mno ya kubonyeza na kuruka. Haikuandikwa popote. Kidole cha Kaka ndicho kiligundua, akiwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyeipa jina. Bila huruma hakuna anayevuka Mnara wa Maji, ile hatua ya mwisho. Kaka alikuwa akiuvuka amefumba macho. Si maneno ya kutia chumvi, nilikuwepo, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Bosi akauliza huruma ni ndefu kiasi gani. Kwenye skrini sekunde moja ni picha sitini zinazopita haraka. Kaka akasema yeye hajui habari za picha, anajua kidole chake. Juu ya rafu ya bosi kuna mashine ya zamani na kaseti yake, zimewekwa kama kombe. Mchoraji akashauri tuziwashe tupime. Nikamjibu kwa kiburi: ya nini kupima, wakati mwenye nayo amekaa hapa?

Naiandika hiyo sentensi kwa sababu inanipendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi wetu jina lake la mgongoni ni Ongeza. Leo kaongeza uvuvi. Eti Tarishi akifika kwenye tangi la maji aweze kukaa na kuvua samaki, kigemu kidogo cha pembeni, watu wapumzike. Mchoraji akauliza kwa upole: huyu ana barua za watu mkononi, anavua samaki wa nini? Ongeza akasema vijana wa siku hizi hawawezi kuruka tu kutwa nzima.

Pia mbio za mikokoteni. Pia kupanga barua kwa rangi. Pia kofia kumi na sita za kubadilisha. Pia kitufe cha kurudisha nyuma: ukianguka, unakibonyeza, Tarishi anapanda hewani kinyumenyume hadi juu ya paa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kaka hakukitaka kabisa. Alisema kuanguka ni kuanguka.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza na huruma ya picha tano, kwa kukisia. Kaka akaanguka mara sita mfululizo kwenye paa la tatu. Akasema huruma yangu ni bahili. Nikaweka sita. Bado bahili. Nikaweka saba — akavuka, lakini kwa shida, akasonya.

Nilifurahi, jamani. Tumekaa bega kwa bega kama zamani, na safari hii mimi ndiye mwenye gemu.

Ijumaa, 14 Machi

Saba imekuwa nane. Nane imekuwa tisa. Jana alivuka kwa nane, leo kwa nane anaanguka. Nikamwuliza, mbona jana ilifaa? Akasema jana alikuwa ananionea aibu, hakutaka kunivunja moyo.

Baada ya kazi nilipitia dukani kwake kuchukua blauzi yangu. Wifi ndiye alikuwa anashona vifungo. Sijawahi kumwona wifi yangu akishika sindano mle ndani. Yeye ni wa kupima wateja na kupiga soga. Nikamtania: umefuzu lini? Hakucheka. Akasema Kaka yako ana kazi nyingi na hiyo gemu yenu.

Nimevaa blauzi nyumbani mbele ya kioo. Mshono wa bega la kulia unapanda na kushuka. Nikajisemea, labda nimenenepa.

Jumatatu, 17 Machi

Ongeza kaongeza upishi. Upishi! Tarishi anakatakata karoti kwa kufuata mdundo wa ngoma. Siku tatu zangu zimeenda kwenye karoti. Sijala mchana, na nikiona karoti kwa macho yangu nitaitupa dirishani.

Huruma: kumi.

Alhamisi, 20 Machi

Kumi na moja, na Kaka amevuka Mnara wa Maji! Mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na kitu. Alisimama, akanyanyua mikono, akasema sasa ndiyo yenyewe, hii ndiyo huruma ninayoijua mimi. Tulikumbatiana katikati ya ofisi. Ongeza akapiga makofi, akasema Ijumaa ya wiki ijayo tunampiga picha za video Kaka akivuka Mnara, tuitangaze gemu kwa hiyo. Hakimu mwenyewe! Kaka alinyoosha kola kama mheshimiwa.

Alipoondoka Mchoraji akavuta kiti chake karibu yangu. Huwa haongei sana. Akasema yeye amecheza toleo hili asubuhi nzima, na kuna kitu kinamsumbua. Tarishi haruki. Anatembea hewani. Anafika ukingoni, anapiga hatua nzima juu ya hewa, ndipo anakumbuka kuruka.

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia yeye achore, kuruka atuachie sisi tuliozaliwa nako. Akarudisha kiti.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewasili mapema kabla ya wenzangu. Nikaishusha mashine ya zamani kwenye rafu ya bosi. Nikapuliza vumbi, nikaiwasha, nikaegemeza simu kwenye kikombe na kurekodi skrini, kisha nikahesabu. Picha moja moja, kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Sita.

Nikarudia. Sita. Nikabadilisha paa. Sita. Nikafanya mara ishirini.

Siku ya kwanza kabisa ya majaribio nilikuwa na sita mkononi! Nikaipita. Siku kumi nimeongeza picha moja moja nikidhani naikaribia gemu ya zamani, kumbe nilikuwa namfuata Kaka. Sikuwa napima gemu. Nilikuwa nampima yeye. Kila picha niliyoongeza ni kiasi ambacho kidole chake kimechelewa, na kati ya tarehe kumi na moja na ishirini kimechelewa zaidi.

Nilikaa na kikombe mapajani mpaka Ongeza akaingia na kuuliza nani kagusa mashine yake. Nikasema mimi. Akaona uso wangu, akaacha kugomba.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kwao asubuhi. Nilijipanga njia nzima: nitasema hivi, nitasema vile. Nilipofika nikasalimia tu, nikakaa.

Kaka alikuwa mezani anatunga uzi kwenye sindano. Nikahesabu bila kupenda. Mara nne, mara tano, mara tisa. Uzi unapita kando ya tundu. Mkono hautetemeki sana, ukitazama haraka huoni kitu. Ila kidole gumba kinaambiwa sasa, nacho kinaitikia baadaye kidogo. Akatupa sindano kwenye kopo. Akasema sindano za siku hizi zinatobolewa ovyo.

Wifi akanivuta jikoni. Kumbe anajua! Tangu mwezi wa kumi na moja. Kwanza vilikuwa vifungo, kisha mikasi, sasa asubuhi anamfunga kamba za viatu na wote wawili wanajifanya ni mapenzi. Nikamwuliza, daktari? Akasema, wifi, nimemwambia mpaka nimechoka. Anajibu kwamba haumwi. Cherehani ndiyo mbovu, mwanga ndio hafifu, sindano ndizo mbaya. Halafu akasema kitu kilichonimaliza. Tangu Alhamisi anaimba bafuni. Anamwambia kila mteja kwamba vidole vyake ni vilevile, ameuvuka Mnara wa Maji, muulizeni mdogo wangu.

Mimi ndiye ushahidi wake! Kumi na moja yangu ndiyo iliyomwambia kwamba mzima!

Nilirudi sebuleni. Alikuwa amenisogezea kiti. Akaniuliza karoti zinaendeleaje. Nikasema zinaendelea vizuri. Nikanywa chai, nikaaga. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 24 Machi

Ongeza aliwapa toleo letu wapenzi wachache wa gemu ya zamani ili walijaribu Jumamosi. Majibu yamefika leo. Uvuvi wameupenda. Karoti wamezipenda!! Lakini kuruka wamekucheka. Mmoja ameandika kwamba Tarishi ameota mbawa. Mwingine kahesabu picha kabisa na kuweka mchoro: yenu kumi na moja, ya kweli sita, nani aliwadanganya?

Ongeza hakunifokea, ningeshukuru angefokea. Akasema rudisha sita leo, tunafunga toleo Ijumaa jioni, baada ya hapo haliguswi. Nikarudisha. Kazi ya sekunde mbili, kufuta tarakimu na kuandika nyingine.

Nikamwomba tuache kumrekodi Kaka. Akashangaa. Akasema, Hakimu mwenyewe kaniambia amenunua kofia nyekundu.

Jumatano, 26 Machi

Nilimpigia. Nikamwambia, Kaka, Ijumaa usijisumbue, tutamchukua mtu wa matangazo. Akanyamaza. Akauliza kama nimemwonea haya kwa sababu ni fundi cherehani. Nikasema hapana, hapana! Akasema basi nakuja.

Nilikuwa na nafasi pale. Kimya chake kilikuwa kirefu cha kutosha. Ningesema maneno matatu tu, twende kwa daktari. Nikasema usisahau kofia.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeweka njia ya siri. Kompyuta yangu imeunganishwa na skrini ya majaribio. Nikibonyeza kitufe kimoja, huruma inapanda hadi kumi na moja. Nikikibonyeza tena inarudi sita. Toleo lenyewe haliguswi. Sijamwambia mtu.

Sisemi nitakitumia.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimekaa juu ya kifuniko cha choo cha ofisini. Niandike kwa mpangilio.

Kaka alifika saa tatu na Wifi. Kofia nyekundu kweli. Mpiga picha kaweka taa mbili, moja usoni, moja kwenye mikono. Kwenye mikono! Ongeza kakaa nyuma, Mchoraji pembeni, mimi kwenye meza yangu upande wa kulia, kama hatua tano kutoka kwake. Mashine ya majaribio imewekwa sita.

Akaanza. Paa la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu akaanguka. Akacheka na kamera. Akaanza tena, akaanguka. Mara ya tano akavua kofia. Mara ya tisa akasema taa inamchoma macho, wakaisogeza. Mara ya kumi na nne alifuta kiganja kwenye suruali. Wifi alikuwa anatazama sakafu. Ongeza akasema kwa sauti laini kwamba kuna kitufe cha kurudisha nyuma, Hakimu, ukipenda. Kaka hakugeuza hata kichwa.

Mara ya ishirini na moja alikishika kidole gumba cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakikunja na kukikunjua. Akadhani hatuoni. Mkono ule ndio ulionifunza kufunga kamba za viatu. Ndio ulionishonea sare nikaingia shule na mshono ulionyooka kuliko wa watoto wote.

Nikabonyeza.

Akaanza tena. La tatu, akavuka. La nne. La tano. Mnara. Alipofika kwenye ule ukingo wa mwisho nilimwona Tarishi kwa macho yangu akipiga hatua nzima hewani, mguu juu ya utupu, amesimama pasipo kitu — kisha akaruka. Akatua.

Makofi! Ongeza aliruka yeye mwenyewe. Mpiga picha akasema safi sana, tunayo. Wifi akafunika mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka, na akanitazama mimi, si mumewe.

Mchoraji hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Video itatoka. Wale wanaohesabu picha moja moja wataihesabu na hii. Watasema fundi mmoja aliyejiita Hakimu kabebwa, na wataweka mchoro, na uso wake utakuwa juu yake na kofia yake nyekundu.

Kaka hakunyanyua mikono. Aliiweka padi mezani polepole, akaitazama. Akaushika waya wake mahali unapoanzia, akaufuata kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka unapoingia kwenye mashine. Kisha akanigeukia. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Wa Pili. Hii padi imechomekwa?”

Watu wote wakaangua kicheko. Ongeza akasema Hakimu una vituko. Kaka hakucheka. Alikuwa ananitazama vilevile, anasubiri, na mimi nikasimama nikasema nakuja, naenda msalani.

Hiyo ni kama dakika ishirini zilizopita. Nimesikia mpiga picha akikunja vitu vyake. Nimesikia Ongeza akiniita, tunafunga toleo saa kumi, uko wapi? Halafu nimesikia viatu vya Kaka kwenye korido. Navijua, mguu wa kulia unaburuta kidogo — tangu lini unaburuta?

Ameketi sakafuni, nje ya mlango. Kivuli chake nakiona kwa chini. Hakugonga. Amesema tu kwamba nilipolia zile siku mbili, yeye pia alilia, chini ya meza ya mama, na hakuwahi kuniambia. Kisha akasema nisiharakishe.

Anapitisha kitu kwenye uwazi chini ya mlango. Ni ncha za kamba za kiatu chake, amezivuta mpaka huku kwangu, zimefunguka zote mbili, ananiomba nizifunge.